Baada ya Virusi Kutoweka: Siha ya Mwili Kufuatia Tiba ya Homa ya Ini C

(Mhadhara uliotolewa mbele ya hadhira ya wananchi, Unguja, na kuchapishwa kwa ombi la waliohudhuria)



Naomba radhi mapema kwa urefu wa maneno, kwani jambo nililopewa kulizungumza ni la polepole kwa tabia yake, na asemaye mbio juu ya jambo la polepole hulipotosha.

Kusudio langu jioni hii si kueleza jinsi homa ya ini C inavyoambukiza, wala kuwafundisha matabibu waliomo humu namna ya kuitibu, maana hilo wanalijua kunishinda. Nataka kumsemea yule ambaye amekwisha kumeza kidonge chake cha mwisho, akapimwa damu, akaambiwa kwamba virusi havimo tena mwilini mwake, akarudi nyumbani na karatasi mkononi. Kisha miezi ikapita, na jamaa zake wakaanza kumuuliza, kwanza kwa huruma na baadaye kwa shaka, mbona bado anachoka akipanda ngazi, mbona mabega yamemnyauka, na mbona hospitali ingali ikimwita. Ninalodai ni hili: kuondoka kwa virusi na kurudi kwa siha ni mambo mawili yenye miadi mbalimbali. La kwanza hufanywa na dawa katika majuma machache; la pili hufanywa na mwili wenyewe, katika miezi na pengine miaka, nao huhitaji kusaidiwa.

1. Dawa imefanya kazi yake, na kazi hiyo ina mpaka

Virusi vya homa ya ini C vilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo matabibu walikuwa wakiona watu walioongezewa damu wakiugua ini, wakawapima aina ya A wasiione, wakawapima aina ya B wasiione, wakabaki kuyaita maradhi hayo kwa jina la kile ambacho siyo. Harvey Alter, aliyeyafuatilia maradhi hayo katika damu ya kuongezewa, Michael Houghton, aliyeongoza kazi ya kuvitambua virusi, na Charles Rice, aliyethibitisha kwamba virusi hivyo peke yake vyatosha kuleta ugonjwa, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2020.

Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini tiba ilikuwa ni interiferoni, sindano iliyodungwa mara tatu kwa juma na baadaye mara moja kwa juma, aghalabu pamoja na vidonge vya ribavirini, hata majuma 48 yakatimia. Waliokuwa na jinsi ya virusi iliyo ngumu walipona nusu yao au pungufu, na wengi, waliopona na wasiopona, walitoka katika tiba hiyo wamekonda, damu imepungua, nywele zimenyonyoka, na nyoyo zimeingiwa na huzuni isiyokuwa na sababu ya kutajika. Watu wa zama hizo hawakuhitaji kuambiwa kwamba baada ya tiba kuna kupata nafuu. Tiba yenyewe ilikuwa ugonjwa, na kila jirani aliuona.

Zama zikageuka mwezi wa Desemba 2013, Marekani ilipoidhinisha sofosibuviri, dawa ya kumeza inayokizuia kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kujinakili. Ikichanganywa na wenzake waliokuja nyuma yake, tiba humalizika kwa majuma 12, na kwa baadhi ya michanganyiko majuma 8 tu, na katika wagonjwa 100 hupona zaidi ya 95. Anayeimeza huenda kazini, na jirani asijue. Hiyo ni neema isiyo na shaka. Ila pamoja nayo imekuja dhana mpya, kwamba maradhi yaliyokaa mwilini miaka ishirini au thelathini huondoka na athari zake zote katika muda wa miezi mitatu.

Tukumbuke, basi, neno kupona lina maana gani mahali hapa. Damu hupimwa majuma 12 baada ya kidonge cha mwisho, na virusi visipoonekana, mgonjwa huhesabiwa amepona, na ni nadra mno virusi vile vile kurejea. Lakini kipimo hicho huuliza swali moja tu, nalo ni kama virusi vimo au havimo. Hakiulizi ini li hali gani, wala misuli imebaki kiasi gani, wala mtu analala usiku au halali.

2. Misri, mahali ambapo jambo hili limeonekana kwa wingi

Nimechagua mfano wa Misri kwa sababu hakuna nchi iliyoumizwa na maradhi haya kuliko hiyo, wala iliyoyapiga vita kwa nguvu zaidi. Asili ya msiba wao inatuhusu sisi Visiwani, kwani ilianza na kichocho. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Misri iliwatibu wakulima wa bonde la Nili kwa dawa ya antimoni iliyodungwa mshipani, sindano baada ya sindano kwa majuma mfululizo, na mabomba ya sindano yakatumika kwa watu wengi bila ya kutakaswa inavyopasa. Nia ilikuwa njema, na kichocho kilipungua. Lakini virusi ambavyo havikuwa na jina bado vilisafiri kutoka mkono hadi mkono. Wapenzi wa taarabu waliomo humu hawahitaji kuelezwa Abdel Halim Hafez, mwimbaji wa Misri, alikuwa nani. Kichocho kilimpata utotoni, na maradhi ya ini yaliyofuatia ndiyo yaliyomwua mjini London mwezi wa Machi 1977, na yatima wa sauti yake wangalipo hata katika mji huu.

Dawa mpya zilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa dola 84,000 kwa tiba ya majuma 12. Misri ikajadiliana mwaka 2014 ikaipata kwa dola 300 kwa mwezi, kisha viwanda vyake vyenyewe vikaitengeneza kwa bei iliyozidi kushuka. Baina ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 walipimwa takriban watu milioni 50, idadi ambayo haijapata kufikiwa na nchi yoyote katika muda mfupi kama huo, na mwezi wa Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja la dhahabu katika safari ya kuyatokomeza maradhi haya.

Hadi hapo ni habari za ushindi, na ushindi hupigiwa ngoma. Ila mamilioni ya Wamisri waliopona virusi hawakupona wote kwa namna moja. Aliyetibiwa akiwa kijana na ini lake bado ni laini aliiweka karatasi yake sandukuni akaisahau. Mkulima aliyetibiwa akiwa na miaka sitini, ambaye ini lake lilikuwa limekwisha kukakamaa, alilazimika kuendelea kurudi hospitali kila nusu mwaka. Dawa ilikuwa moja kwa wote wawili. Kilichowatenga ni umri wa kovu.

3. Kovu la ini, na yale yawezayo kutendeka

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye moyo wa jambo lote.

Sote tumesikia kwamba ini huota upya, nayo ni kweli: tabibu mpasuaji akilikata ini zima lenye afya akatoa hata theluthi mbili zake, lililobaki hukua mpaka likarudia ukubwa wake katika muda wa miezi. Kutokana na ukweli huo watu wamejenga uongo, wakidhani kwamba ini lililoshambuliwa kwa miaka mingi huzaliwa upya siku virusi vitokapo. Ini lenye makovu nalo huota, lakini huota baina ya makovu, likafanya vinundu vinundu, na damu ikakosa njia iliyonyoka ya kupita. Hiyo ndiyo hali iitwayo sirosisi.

Zinazolitengeneza kovu ni chembe ndogo zenye umbo la nyota, ambazo wakati wa amani huhifadhi vitamini A, na wakati wa mashambulizi hugeuka zikafuma nyuzi ngumu. Virusi vikiondoka, mashambulizi hukoma. Vimeng'enya vya ini ambavyo tabibu huvisoma katika damu hushuka ndani ya majuma machache. Chembe zile nyingi hutulia au hufa, na mwili huanza kuzimeng'enya nyuzi zilizofumwa. Kovu changa hulainika, mara nyingi kabisa. Kovu la sirosisi laweza kupungua kwa kadiri ya miaka kadhaa, na kwa wengine hupungua sana. Lakini lipo ambalo halifutiki tena. Chombo kilichozibwa tundu katikati ya bahari kitafika bandarini, wala hakuna wa kukibeza. Lakini nahodha mwenye akili hukipandisha pwani akakikagua ubao kwa ubao na kukikalafati kabla ya kukirudisha katika msimu mwingine.

Ukaguzi huo una namna zake. Iko mashine inayopima ugumu wa ini kwa kuligonga kwa mtetemo juu ya ngozi, bila ya kisu wala sindano, na kukosekana kwake si udhuru, kwa sababu umri wa mtu, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu, vitu vipimwavyo katika hospitali ya wilaya, hutosha kupiga hesabu ya kukisia kovu. Lakini nawasihi matabibu wetu vijana: hesabu hiyo ipigwe kabla ya tiba kuanza na iandikwe. Baada ya tiba vimeng'enya hushuka upesi kuliko kovu, na hesabu ikawa nzuri kuliko ini lenyewe. Mgonjwa mwenye sirosisi aweza kutazama tarakimu hizo nzuri akaaga hospitali, ilhali yeye ndiye hasa asiyepaswa kuaga.

Asiage kwa nini? Kwa sababu hatari ya saratani ya ini hupungua sana virusi vitokapo, lakini kwa mwenye sirosisi haiishi. Ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita, mwaka baada ya mwaka, huikuta saratani ingali ndogo na yenye kutibika. Asiyepimwa huja nayo imekwisha kulijaza tumbo. Kadhalika ini lililokakamaa huirudisha damu nyuma hata mishipa ya umio ikavimba na kuweza kupasuka, na kwa hiyo wengine huhitaji kuchunguzwa umio pia. Na kwa ndugu zetu wa kanda ya Ziwa, ambako kichocho cha tumbo kimeenea, nitaongeza kwamba minyoo ile huacha kovu lake yenyewe kandokando ya mishipa ya ini, na dawa za homa ya ini C hazilijui kovu hilo.

4. Juu ya uchovu usiokuwa na hisani

Katika malalamiko yote, hili la uchovu ndilo linalosikika zaidi na kuaminiwa kidogo. Wengi huuona ukipungua katika miezi inayofuata tiba, na wapo wanaosema kwamba hawakujua walikuwa wamechoka kiasi gani mpaka ulipowatoka. Wengine haupungui. Hao wasiambiwe kwamba ni wavivu, wala wasiambiwe kwamba virusi vimejificha, kwa maana kauli zote mbili hizo humfungia mtu mlango wa kutafuta sababu.

Sababu hutafutwa kwa utaratibu. Aliyetumia ribavirini huenda damu yake ilipungua, nayo hurejea majuma kadhaa baada ya kuiacha; na kwa vile dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, mwanamume na mwanamke walioitumia hutakiwa kujizuia na mimba kwa miezi iliyoagizwa na tabibu hata baada ya tiba, jambo ambalo maharusi huona haya kuliuliza. Aliyepitia interiferoni zamani huenda tezi ya shingo yake iliharibika. Wengine wana kisukari, na wengine hawalali. Wengine wana huzuni iliyoanza siku walipoambiwa ugonjwa wao na ambayo hakuna aliyeitibu. Na wengi, nadhani wengi kuliko wote, wamechoka kwa sababu misuli yao imeliwa.

5. Nyama ya mwili na chakula chake

Ini ndilo ghala la sukari ya mwili. Mtu mzima akilala bila kula, ini humtolea akiba mpaka asubuhi. Mwenye sirosisi akiba yake ni haba, na usiku wa manane mwili huanza kuivunja misuli ili upate nguvu. Wataalamu walipopima waliona kwamba njaa ya usiku mmoja kwa mgonjwa wa namna hii yafanana na njaa ya siku mbili au tatu kwa mtu mwenye afya. Ndiyo maana mashavu huingia ndani na mapaja hupungua hata kama mtu anakula mchana.

Zamani wagonjwa wa ini waliambiwa waache nyama, mayai na samaki, kwa kuogopewa kwamba ini litashindwa kuvichakata. Shauri hilo limekwisha kuondolewa, lakini lingali likitembea mitaani, na mama zetu kwa mapenzi yao huwapikia wagonjwa uji mweupe usiku na mchana. Shauri la sasa kwa mwenye sirosisi ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu kama 6, hivyo mtaona kwamba mayai mawili ya asubuhi hayafiki popote, na sharti ziongezwe dagaa, kunde, mbaazi, maziwa na samaki. Tena chakula kigawanywe mara nyingi, na kabla ya kulala kiwepo cha mwisho chenye wanga: bakuli la uji wa mtama wenye maziwa, au kipande cha muhogo. Tiba hii haiuzwi dukani, na pengine ndiyo sababu haitangazwi.

Mwenye tumbo lililojaa maji apunguze chumvi, na hapo papa ng'onda, pamoja na heshima yake yote katika mapishi yetu, hana budi kukaa pembeni. Kuhusu Ramadhani: aliyepona virusi na ini lake li laini anafunga kama wenzake, lakini mwenye sirosisi, kwa niliyoyaeleza juu ya akiba ya ini, amwone tabibu kabla ya mwezi kuandama, kisha amwone sheikh wake, na ruhusa aliyopewa mgonjwa na dini asiikatae kwa kuona haya.

Chakula peke yake hakijengi misuli, lazima itumiwe. Kutembea nusu saa siku nyingi za juma, kuinuka kitini na kukaa mara kumi bila kushika mkono wa kiti, kubeba ndoo isiyojaa: haya hutosha kuanzia. Aliye na mishipa ya umio iliyovimba asinyanyue mizigo mizito bila idhini.

Upande wa pili uko pia. Hamu ya kula ikirejea, wapo wanaonenepa kupita kiasi, na lehemu ya damu, ambayo virusi viliishusha, hupanda; ini lililoponyoka kwenye virusi likaja kujazwa mafuta. Kahawa, hata hivyo, siwakatazi. Imeonekana mara kwa mara kwamba wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini na saratani chache. Namwona mzee mmoja pale safu ya mbele ametabasamu. Mzee wangu, ni kahawa chungu ninayoisema, na halua iliyo kando yake sikuitaja.

6. Yanayolidhuru ini lililo katika kupata nafuu

Nitapita upesi. Pombe iachwe kabisa na mwenye kovu. Mirungi imepata kulaumiwa kwa kudhuru ini kwa watafunaji, na mizizi ya kuchemsha isiyojulikana kipimo chake haina mtu wa kuidhamini. Mwenye sirosisi asizidishe gramu 2 za parasetamoli kwa siku, na ajiepushe na ibuprofeni na diklofenaki, ambazo humtoa damu na kumharibu figo. Nafaka na karanga zilizoota ukungu zisisagwe wala wasilishwe kuku. Sumukuvu iliua watu 125 mashariki ya Kenya mwaka 2004, na kidogo kidogo chake, kiliwacho kwa miaka, ni rafiki wa saratani ya ini. Na kila aliyepona aina ya C apimwe aina ya B, na kama hana, achanjwe, kwa kuwa ini moja halina nafasi ya kuhimili maradhi mawili.

7. Karatasi inayosema uongo kwa kusema kweli

Kingamwili za homa ya ini C hubaki katika damu ya aliyepona, pengine umri wake wote. Hazimkingi, maana akichangia sindano aweza kuambukizwa upya kama mtu ambaye hajapata kuugua, na hilo vijana wanaoacha unga lazima waambiwe bila kufichwa na bila kutukanwa. Lakini zinaonekana katika kipimo cha haraka. Basi kijana wetu aombaye kazi Ghuba hupimwa kingamwili, zikaonekana, na akaweza kurudishwa kwa maradhi asiyokuwa nayo. Mwingine huenda kujitolea damu akakataliwa, na kukataliwa huko ni kwa haki, ila hurudi nyumbani akaamini kwamba amedanganywa na tabibu wake. Aliyepona na atunze cheti cha kipimo cha virusi chenyewe, kile cha majuma 12 baada ya tiba, mahali anapotunza cheti chake cha kuzaliwa, na watu wa nyumbani wajue kwamba sahani na vikombe havikuwa njia ya kuambukiza hata siku zile alipokuwa mgonjwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia. Shirika la Afya Duniani limeweka mwaka 2030 kuwa mwaka ambao maambukizo mapya yatakuwa yamepungua kwa asilimia 90 na vifo kwa asilimia 65. Chanjo ya aina ya C haijapatikana. Jirani zetu wa Rwanda walianzisha mpango wa taifa wa kuitokomeza mwezi wa Desemba 2018, na dawa zimeshuka bei kiasi ambacho hakikuotwa miaka kumi iliyopita, kwa hiyo hapana shaka kwamba na huku kwetu watakaopona virusi watazidi kila mwaka. Hesabu ya mafanikio itakuwa ni ya vidonge vilivyogawiwa, kwani ndiyo iliyo rahisi kuhesabu. Ombi langu kwa matabibu waliomo humu ni dogo, na halihitaji fedha za wafadhili: mgonjwa mwenye sirosisi anapoandikiwa katika kadi yake kwamba virusi havimo, mstari unaofuata, kwa mkono ule ule na siku ile ile, uandikwe tarehe ya ultrasaundi yake ya kwanza, na uzito wake wa siku hiyo, ili atakapokuja baada ya miezi sita pawe na cha kulinganisha.

Mwenyekiti akinipa idhini, niko tayari kwa maswali, na ningependa yaanze kwa wale mabibi walioketi nyuma karibu na mlango, ambao nimewaona wakiandika.